Picha za utundu kwa vyombo vya jikoni: tuliza simu kwanza, vitu vije baadaye

*Swali: Nina simu ya kawaida, meza ya jikoni na dirisha moja. Napenda sana zile picha ambazo brashi inageuka mnyama au kijiko kinageuka mtu, na mtazamaji anatabasamu kabla hajajua kwa nini. Zangu zinatoka kama bidhaa za kuuzwa: kila kitu kinaonekana, hakuna kinachochekesha. Karatasi nyeupe inatoka kijivu, vijiko vinaonyesha uso wangu, na kitu nikikisimamisha kinaanguka kabla sijabonyeza. Nianzie wapi?*

Anzia kwenye simu, kabla ya vitu. Wengi hupanga meza kwanza, wakaridhika nayo kwa macho, ndipo wakainua simu na kuanza kutafuta pembe. Utundu hupotea hapo. Macho mawili yanaona kina, na kichwa kikitikisika kidogo yanaona hadi pembeni mwa kitu. Lenzi ni jicho moja lililosimama mahali pamoja, na picha ya aina hii ni uongo unaosadikika kutoka mahali hapo tu. Sogea sentimita 3 kushoto, na plastisini (udongo laini wa kuchezea) iliyoshikilia kijiko inachungulia. Kwa hiyo tuliza simu, kisha jenga kila kitu huku ukitazama skrini, si meza.

Huhitaji stendi ya kununua. Egemeza simu kwenye vitabu vizito na ubandike kifutio mezani mbele yake ili isiteleze. Washa taima ya sekunde 3, kwa sababu kidole kinachobonyeza ndicho kinachotikisa picha. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole huzungushia ukungu kila kinachong'aa.

Umbali una uzito kuliko watu wanavyodhani. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na milimita 24 hadi 26 kwenye kamera ya filamu ya milimita 35. Ukiisogeza hadi sentimita 15, kilicho mbele kinavimba na kilicho nyuma kinakuwa kidogo mno. Rudi nyuma hadi sentimita 50 au 60, kisha kuza mara 2. Kuna na mtego mwingine: simu nyingi za sasa zikikaribia kitu hubadilisha lenzi zenyewe na kuchukua ile pana kupita zote. Dalili yake ni picha kuruka kidogo kwenye skrini. Izime hali hiyo kwenye mipangilio, au rudi nyuma. Zima na modi ya potreti. Ukungu wake huwekwa na programu, nayo mara nyingi hukosea kwenye meno ya uma na ukingo wa glasi, yaani vitu vilevile unavyovipiga.

Tuje kwenye karatasi yako inayotoka kijivu. Simu haijui kwamba karatasi ni nyeupe. Inapima mwanga wa fremu nzima na kuuvuta uwe wa wastani. Kwa hiyo weupe mwingi unashushwa hadi kijivu, na weusi mwingi unapandishwa hadi kijivu vilevile. Bonyeza kwa muda juu ya kitu chako mpaka alama ya kufuli itokee, ili fokasi na mwangaza visibadilike tena. Baada ya hapo telezesha kidole: kwenye mandhari nyeupe ongeza kati ya 0.7 na 1 kwenye kipimo cha mwangaza (EV), kwenye nyeusi punguza karibu 1. Ukibadilisha taa au kusogeza karatasi, fungua kufuli na upime upya.

Zima balbu ya dari unapotumia dirisha. Balbu ya manjano ina joto la rangi la kama 2700 K, mwanga wa mchana ni kama 5500 K, na simu haiwezi kusawazisha vyote viwili kwa pamoja: upande mmoja wa kikombe utakuwa wa chungwa na mwingine wa bluu. Chagua kimoja. Na ukipigia chini ya taa za LED ukaona mistari ya giza inayopita kwenye picha, hiyo ni taa kuwaka na kufifia kwa kufuata umeme. Ingia kwenye modi ya mikono (Pro au Manual) uweke kasi ya shata, yaani sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga, 1/50 au 1/100 ikiwa umeme wa kwako ni wa hezi 50, au 1/60 au 1/120 ikiwa ni wa hezi 60.

Sasa wazo lenyewe. Ushauri wangu ni mkali kidogo: picha moja, uongo mmoja. Brashi ya viatu iliyolazwa nywele juu, na punje mbili za pilipili manga kwa macho, ni nungunungu. Ukimwongezea mti wa brokoli, jua la limau na mto wa uzi wa bluu, mtazamaji anaanza kukagua meza badala ya kumwona mnyama. Mwache nungunungu peke yake, mpe nafasi tupu mbele ya pua ili aonekane ana pa kwenda, na picha itafanya kazi.

Wazo halipatikani kwa kufikiri umekaa. Chukua chombo kimoja, kishike usawa wa jicho, funga jicho moja, kigeuze polepole pande zote, huku ukijiuliza: kingekuwa kikubwa mara mia, kingekuwa nini? Kibanio cha nguo kikitazamwa kwa ubavu ni mdomo wa mamba. Sponji ni godoro. Chujio lililofunikwa juu ya kikombe ni kofia. Ukubwa wa kubuni ndio unaoamua kila kitu kinachofuata, hata mahali pa kuweka lenzi, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo picha nyingi zenye wazo zuri zinapoharibika.

Chukua greta ya pande nne, ile ya kukwaruzia karoti, uifanye ghorofa usiku. Tuseme ina kimo cha sentimita 20 na jengo lako lina ghorofa 10, yaani kama mita 30. Basi sentimita 1 ya mezani ni mita 1.5 za mtaani. Mtu aliyesimama barabarani ana macho kwenye kimo cha mita 1.6 hivi, kwa kipimo chako hiyo ni sentimita 1 na kidogo kutoka mezani. Simu iliyosimama kawaida ina lenzi yake sentimita 12 au zaidi juu ya meza, ambako ni sawa na kuutazama mtaa kutoka ghorofa ya sita. Ndiyo sababu greta inabaki greta. Geuza simu kichwa chini, lenzi iwe karibu kabisa na meza, na papo hapo utakuwa umesimama barabarani ukitazama juu.

Ujenzi wake uko hivi. Panga vitabu viwili vya unene sawa, uache pengo la sentimita 4 kati yao. Ndani ya pengo weka tochi ndogo, mwanga ukielekea juu. Funika vitabu kwa karatasi nyeusi uliyoitoboa juu ya pengo, kisha simamisha greta juu ya tundu hilo. Ndani ya greta ingiza karatasi ya kuokea uliyoikunja kama bomba. Bila karatasi hiyo utaona matundu mawili matatu tu yaking'aa kupita kiasi na mengine giza. Karatasi inatawanya mwanga, kila dirisha liwake. Simu inayopiga picha nayo iinue kwa vitabu vya unene uleule, la sivyo itakuwa inalitazama jengo kutoka shimoni. Nyuma, sentimita 40 hivi, simamisha manila ya bluu iliyokolea. Mpini wa juu ndio unaoisaliti greta: uache nje ya fremu, au ufunike kwa kasha la kiberiti liwe tangi la maji.

Usiweke mshumaa humo ndani badala ya tochi. Karatasi iko sentimita chache kutoka kwenye mwali na inaweza kushika moto, mbali na kwamba mwali unacheza na kila picha itakuwa tofauti.

Vuta pazia mpaka chumba kibaki na mwanga hafifu wa dirishani, kisha sawazisha mianga miwili. Madirisha ya greta yakiwa meupe kabisa bila umbo, laza kipande kingine cha karatasi juu ya tochi. Greta ikiwa kivuli cheusi kitupu, fungua pazia kidogo, au simamisha karatasi nyeupe upande ulio mkabala na dirisha ili irudishe mwanga. Nusu ya chini ya fremu itakuwa meza tupu, ikate baadaye. Ukilazimika kuinamisha simu itazame juu, kingo za jengo zitakaribiana kileleni, na hilo liache. Majengo marefu huonekana hivyo kutoka chini.

Jambo jingine linalosaliti udogo ni ukungu. Vitu vidogo vikipigwa kwa karibu, sehemu ndogo tu inakuwa kali na nyingine zinafifia, na ubongo unasoma ukungu huo kama dalili ya udogo. Ukitaka kitu kionekane kikubwa, kila sehemu iwe kali: rudi nyuma zaidi, kata picha baadaye, kubali kupoteza pikseli kadhaa. Ukitaka kionekane kidogo na cha kupendeza, karibia.

Kama greta ni kazi nyingi kwa siku ya kwanza, anza na kivuli. Mwaka 1928 mpiga picha André Kertész alipiga picha jijini Paris ya uma mmoja ulioegemea ukingo wa sahani, na kivuli chake. Hakuna kingine humo. Kivuli kinafanya kazi ya kitu cha pili, nawe hukukinunua wala hakianguki.

Kivuli kikali hutoka kwenye chanzo kidogo: tochi ya simu, au jua lisilo na wingu. Dirisha pana lililo karibu hutoa kivuli laini kisicho na ukingo, kizuri kwa brashi ya nungunungu, kibaya kwa mchezo huu. Urefu wa kivuli unaupanga mwenyewe. Kijiko kilichosimama kwa kimo cha sentimita 10, tochi ikiwa umbali wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 50, kitatoa kivuli cha sentimita 20. Inua tochi hadi sentimita 90 na kivuli kinafupika hadi sentimita 10. Ukiisogeza tochi karibu mno kivuli kinapanuka kuelekea ncha, na mwanga unapungua haraka kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine, kwa sababu umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unabaki robo. Mita 1 au zaidi ni salama.

Ukishapata kivuli, bandika tochi isisogee, kisha chora juu ya karatasi. Kivuli cha chujio la chai ni mwavuli tayari. Mchoree mtu mdogo chini yake aliyeshika mpini. Tumia penseli laini. Wino mweusi wa kalamu ya alama hukolea kuliko kivuli chenyewe, na jicho linaona vitu viwili vilivyobandikwa pamoja badala ya kimoja. Chora huku ukitazama skrini, maana mstari ulionyooka kwako unaweza kuwa umepinda kwa lenzi.

Kuhusu vitu kuanguka: kila msaada ukae upande ambao lenzi haioni. Donge la plastisini la ukubwa wa haragwe nyuma ya kijiko linatosha kukisimamisha, ilimradi meza na kijiko ni vikavu na havina mafuta. Yai lisimamishe kwenye rundo dogo la chumvi, kisha puliza chumvi polepole kwa mrija. Punje chache zitakazobaki chini yake zinalishika na hazionekani kwenye karatasi nyeupe. Uzi mwembamba wa kushonea hufichika ukiwa na rangi ya mandhari ya nyuma. Mshipi wa kuvulia samaki, ambao wengi huukimbilia, hung'aa kama waya ukipigwa na mwanga wa ubavuni.

Vitu vikitakiwa kuruka hewani, njia rahisi ni kuvilaza. Tandika karatasi sakafuni karibu na dirisha, panga kikombe, vijiko na vipande vya sukari kana kwamba vinamwagika, na upige kutoka juu kabisa. Simu iwe sambamba na sakafu. Ukiwasha gridi au kipima usawa kwenye mipangilio ya kamera, baadhi ya simu huonyesha alama mbili za jumlisha, na zikilingana uko sawa. Vitu vilivyogusa karatasi vinaonekana vimelala tu. Viinue, kila kimoja juu ya kifuniko cha chupa au kifutio chenye unene wa sentimita 2, ili kivuli kiachane na kitu. Pengo hilo la kivuli ndilo linalomwambia mtazamaji kwamba kinaelea. Elekeza juu ya picha upande wa dirishani, kwa kuwa tumezoea mwanga unaoshuka. Ukitokea chini, picha inasumbua na mtu hajui kwa nini.

Kuna wakati msaada haufichiki kwa vyovyote. Hapo piga mbili: moja ukiwa umeshika kitu kwa mkono au kijiti, nyingine baada ya kuondoa kila kitu, mandhari ikiwa tupu. Simu isiguswe katikati, kufuli ya mwangaza isifunguliwe. Katika programu yoyote ya kuhariri yenye tabaka, weka picha yenye kitu juu ya ile tupu, kisha futa mkono. Kosa la kawaida ni kufuta mkono na kusahau kivuli chake.

Uso wako kwenye kijiko hauondoki kwa kusugua. Kijiko ni kioo kilichopinda, na kioo kilichopinda kinaona karibu chumba kizima: dirisha, simu, wewe na shati lako. Kinachong'aa hupigwa picha kwa kupanga kile kinachokiona. Kunja karatasi ya kuokea iwe koni pana, izungushe kijiko, acha juu tundu dogo linalotosha lenzi, na umulike koni kwa nje. Karibu chuma chote kitageuka cheupe laini. Kitapoteza umbo pia, kwa hiyo bandika ukanda mwembamba wa karatasi nyeusi ndani ya koni, upande mmoja. Utatokea kwenye chuma kama mstari mweusi unaofuata mpindo, na kijiko kitarudi kuwa kijiko. Usogeze ukanda milimita chache chache ukitazama skrini.

Ukweli huohuo unaweza kukusaidia upande wa pili. Mpiga picha Edward Weston, alipopiga pilipili hoho yake mashuhuri mwaka 1930, aliiweka ndani ya funeli ya bati, na bati likairudishia mwanga kutoka pembeni. Bakuli la chuma hufanya vivyo hivyo. Hoho iliyopinda, ndani ya bakuli hilo, karibu na dirisha, inaanza kuonekana kama mgongo wa mtu aliyeinama.

Glasi inataka mwanga wa nyuma, si wa mbele. Simamisha karatasi nyeupe nyuma yake, umulike karatasi badala ya glasi, kisha weka vipande viwili vya karatasi nyeusi kushoto na kulia, nje kidogo ya fremu. Kingo za glasi zitachorwa kwa mstari mweusi safi.

Na glasi ya maji ni chanzo cha utundu usioisha. Glasi ya duara iliyojaa maji ni lenzi, na kitovu chake cha fokasi, ukipima kutoka katikati ya glasi, kiko umbali unaokaribia kipenyo chake. Kwa glasi ya sentimita 7, mchoro ulioubandika mgongoni mwa glasi utaonekana umenenepa tu. Urudishe sentimita 15 au 20 nyuma na utageuka, kushoto kuwa kulia. Chora samaki wanne kwenye karatasi ndefu, wote wakielekea upande mmoja, weka glasi mbele ya mmoja wao: huyo peke yake ataogelea kinyume na wenzake. Gusa skrini palipo samaki ndani ya glasi ili fokasi ikae hapo, maana simu hupenda kushika ukingo wa glasi. Vipovu vinavyong'ang'ania ndani viondoe kwa brashi ndogo ya rangi, au tumia maji yaliyochemshwa yakapoa.

Ukidhani umemaliza, punguza picha kwenye skrini hadi ukubwa wa stempu. Wazo lisiposomeka hapo, ondoa kitu. Mara chache sana dawa huwa ni kuongeza. Kisha mwonyeshe mtu kwa sekunde mbili bila neno lolote, umuulize ameona nini. Akisema "greta", lenzi iko juu mno au mpini unaonekana.

Jukwaa lisibomolewe kabla hujaikuza picha kwenye skrini kubwa na kuipitia kona kwa kona. Kwenye simu hutaona unywele uliolala juu ya manila, alama ya kidole kwenye chuma, wala ukingo wa plastisini unaochungulia nyuma ya kijiko, na vyote hivyo huondolewa kwa sekunde chache simu ikiwa bado haijaguswa.